Herufi Saba za Thabiti

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, urefu wake ukizidi kidogo tu mwiko wa baba yake, fundi mwashi. Mkunga hakuahidi kitu. Alisema tu, "Baba, vua shati, mlaze kifuani. Joto lako ndilo dawa."

Fundi akamlaza. Kiganja cha mtoto kikamshika kidole, kikakataa kuachia. Pale pale akaomba: "Mola wangu, huyu akisimama, nami nitasimama. Ataitwa Thabiti, na jina lake nitaliandika kwa mkono wangu."

Lakini fundi hakujua hata a. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutia sahihi kwa dole gumba, na cheti cha kuzaliwa kilitakiwa kabla ya miezi mitatu.

"Herufi saba, mkwe wangu!" alisema mama mkwe. "Mwite Isa, umalize upesi ukale."

"Mama, ukuta haufupishwi kwa kuwa fundi kachoka."

"Haya. Yetu macho."

Mkewe alijua kuandika. "Baba Thabiti, siku ya cheti niachie mimi niandike. Nani atajua?"

"Niliyemwahidi."

Basi kila jioni akaenda darasani, kwenye kisomo cha watu wazima, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi. Kazini alichora herufi kwa ncha ya mwiko kwenye lipu mbichi, kisha akazisawazisha.

"Fundi, hii nyumba au daftari?" msimamizi alifoka.

"Nafuta, mzee, nafuta."

Wiki ya tano mtoto aliacha kulishwa maziwa kwa kijiko, akanyonya mwenyewe. Baba yake alikuwa bado anapigana na b, iliyokuwa ikigeuka nyuma kama punda mkaidi. Wiki ya tisa mtoto akacheka. Mama mkwe akasema anaucheka mwandiko.

Siku ya cheti karani hakuinua hata uso. Alimsogezea wino. "Dole hapa."

Fundi akaurudisha. "Kalamu, mwanangu."

Akaanza kuandika jina la mtoto kwenye fomu. Foleni ikanung'unika. "Mzee, unaandika jina au wosia?" Jasho likamtiririka. Alipomaliza i ya kwanza akasita.

"Lete nikumalizie," karani alisema.

Mkewe, mtoto kifuani, akamzuia karani. "Mwache. Zimebaki mbili."

Fundi akavuta pumzi, akamwita Mungu wake kimoyomoyo, akaziweka zile mbili kama mtu anayepanga matofali ya mwisho.

Karani akaigeuza fomu. "Thabiti," akasoma.

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina hilo. Fundi akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Safi. Sasa weka sahihi yako hapa chini, jina lako wewe."

Fundi akakodoa macho. Miezi mitatu yote ilikuwa ya mwanawe. Lake hakulijua hata lilianzia wapi. Akacheka, akauvuta wino mwenyewe, akabandika dole gumba bila aibu.

Jioni ile ile akarudi darasani.