Pikapu Iliyogoma Mlimani

Kama hujawahi kumwona fundi akisukuma gari lake mwenyewe barabarani, basi bado hujaona aibu. Mzee kaishika bodi ya pikapu ya kijani kwa nyuma, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu, na kila anayepita lazima aseme lake. "Fundi, leo nani anamtengeneza nani?" Watu bwana! Hao hao aliowatengenezea magari yao kwa miaka thelathini na minne.

Walimwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa akiinama juu ya injini, anafumba macho, halafu anakwambia silinda ya tatu haichomi, na kweli ukifungua unakuta haichomi. Sasa gari lake mwenyewe lilikuwa linamfanya mjinga. Ukiiwasha pikapu ile uani, injini inanguruma vizuri kabisa, unaweza kunywa chai pembeni yake. Itoe barabarani, ifikishe kwenye mlima wa kwenda sokoni, inaanza kumisi: moto mara upo, mara haupo, inakohoa, inatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha inazima katikati ya njia.

Wiki iliyopita ilizima mbele ya lori. Dereva wa lori alifunga breki mpaka matairi yakafuka moshi, akashuka na kumporomoshea mzee wa watu matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Habari zikamfikia binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi mji mwingine. Siku hiyo hata salamu za simu zilikuwa fupi.

"Baba, nakuja Jumamosi, na nakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Nitalitengeneza, mama."

"Umesema hivyo tangu mwezi wa tatu. Haya, tufanye hivi. Likipanda ule mlima bila kuzima, mimi sitasema neno tena. Likizima, linaondoka siku hiyo hiyo. Nimeshazika mzazi mmoja mwaka huu, Baba. Wa pili siwezi."

Mzee aliikata simu. Nguo za marehemu mkewe ndugu walikuwa wameshagawana, vyombo vyake vimeshafungiwa kabatini, na kitanda kimekuwa kikubwa mno. Kilichobaki ni pikapu. Miaka ishirini na miwili mke yule alikaa kwenye kiti cha pembeni, sokoni, harusini, msibani, mpaka safari ile ya hospitali ambayo mzee alirudi peke yake. Kitambaa chake cha kufutia kioo kilikuwa bado kimechomekwa mlangoni. Wakiichukua pikapu, mzee atabaki na nani?

Akaingia kazini. Alibadilisha plagi zote nne. Alichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inawaka, asikilize ni silinda ipi imelala, na zote zilikuwa macho. Akafungua kabureta, akaiosha mpaka ikang'aa. Akabadilisha chujio la mafuta. Akapima umeme kwenye pampu ya mafuta kule nyuma, akakuta upo. Akafunga kila kitu, akaenda mlimani. Ikazima palepale.

Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja kwenye injini na mwingine kwenye pedali. Zamani mkewe ndiye aliyekanyaga mafuta, huku akimsimulia mambo ya mtaani kupitia dirishani, na mzee akilalamika kwamba umbea unamzuia kusikia injini. Siku hizi aliweka tofali juu ya pedali. Alhamisi, kichwa kikiwa ndani ya boneti, alijisahau.

"Achia kidogo, mke wangu," alisema.

Tofali likaendelea kukanyaga. Mzee alinyanyua kichwa, akalitazama, akaenda kuzima injini. Hakufanya kazi tena siku ile.

Ijumaa asubuhi jirani yake, mshona nguo, mama mnene mwenye maneno mengi, alikuja na furushi la sare za shule.

"Shemeji, nipandishe sokoni."

"Litazima."

"Likizima tutasukuma. Mwili huu Mungu hakunipa wa maonyesho!"

Akajitupa kwenye kiti cha pembeni mpaka springi zikalia. Wakaondoka. Pikapu ikaukuta mlima, ikaupanda kama haijui kukohoa ni nini. Mzee aliushikilia usukani kwa nguvu, akisubiri. Wapi! Walifika juu.

"Si linakwenda hili?" alisema mshona nguo akishuka. "Au ulikuwa hutaki tu kunibeba?"

Mzee aliteremka mlima, akageuza, akapanda tena kuhakikisha. Katikati ya mlima pikapu ikaanza kumisi. Ikazima.

Alikaa palepale, magari yanampigia honi na kumpita. Polepole akageuza shingo, akakitazama kiti cha pembeni. Kilikuwa kitupu. Hivi haya matatizo yalianza lini? Yalianza wiki moja baada ya mazishi. Na kabla ya hapo, je? Kabla ya hapo, safari zote za mlimani, mkewe alikuwepo. Lakini Sikio hakuwa mtu wa mizimu. Alijiambia kwa sauti, "Gari halina huzuni. Gari lina waya."

Alipoisukuma mpaka nyumbani alifungua kile kiti, akakinyanyua, akavuta zulia. Chini yake ulipita waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, na kwenye waya ule kulikuwa na kiungo kilichosokotwa ovyo na kuzungushiwa utepe uliokauka. Kiungo kile alikifahamu. Alikifunga yeye mwenyewe miaka tisa iliyopita, mvua ikinyesha, mkewe akimshikia tochi, na alisema, "Kwa sasa inatosha, nitaunga vizuri kesho." Fundi huyo! Mwanafunzi wake angethubutu kumwachia mteja uchafu ule, angemtoa gereji mbio. La kwake mwenyewe akalisahau.

Springi za kiti zilikuwa zimelegea upande ule. Mtu akikaa, zilikibana kile kiungo, nyuzi zikagusana. Kiti kikiwa kitupu, mtikisiko wa barabara uliziachanisha, pampu ikalala, injini ikakosa mafuta mlimani pale inapoyahitaji zaidi. Kwa miaka tisa mkewe ndiye aliyekuwa akiisukuma petroli kwa kukaa tu, akipiga soga zake, na hakuna aliyejua.

Mzee alikaa chini sakafuni. Wazo lilimjia, na niseme ukweli, lilimvutia: akiache kile kiungo hivyo hivyo. Kesho binti atakaa pale, pikapu itapanda, mambo yataisha. Na pikapu itabaki ndicho kitu pekee duniani ambacho, kama yeye, kimekataa katakata kwenda bila yule mwanamke. Lakini akalikumbuka lile lori, na sauti ya binti yake iliposema wa pili siwezi. Akazikata zile nyaya, akazisokota upya, akaziyeyushia risasi, akazifunga kama anavyofunga za wateja. Kazi ya dakika kumi. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu macho hayakuwa yanaona vizuri.

Jumamosi binti alifika, na nyuma yake lori la vyuma chakavu. Mzee, kwa mazoea, alikwenda kwanza kumfungulia mlango wa pembeni.

"Hapana, Baba," alisema binti. "Nenda peke yako. Ndivyo utakavyokuwa ukienda. Mimi nitasimama hapa chini nitazame."

Basi akaenda. Gia ya pili, mlima ukaanza. Akafika pale pa siku zote, pumzi ameibana. Pikapu haikukohoa. Haikutetemeka hata kidogo. Kiti cha pembeni kitupu, kile kitambaa kinapepea mlangoni, na injini inavuta vizuri kuliko ilivyowahi kuvuta miaka tisa. Kilichobaki kilikuwa kuchekelea. Alifika kileleni, akaegesha kando, akageuza ufunguo akaizima, akaweka paji la uso juu ya usukani.

Binti aliona pikapu imesimama. Akapanda mlima mbio, viatu mkononi, akafika akihema.

"Limezima?"

"Nimelizima mimi, mama."

"Sasa mbona unalia, Baba? Si umelishinda?"

"Limepona," alisema mzee. "Linakwenda bila yeye, halina habari. Mimi bado."

Binti aliyatazama machozi ya baba yake, ambayo hata mazishini hakuyaona. Akazunguka mbele ya boneti, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha pembeni na viatu vyake mapajani.

"Hata mimi, Baba," alisema. "Hata mimi bado."