Nyumba Iliyotakiwa Iwe Tupu

Mgeni aliyefika bila taarifa nilikuwa mimi. Karatasi ya ofisi ilisema nyumba ile ya Asembo Bay, ambayo benki ilikuwa inaiuza baada ya mwenyewe kushindwa na mkopo, haina mtu. Kumbe uani kulikuwa na hema, sufuria za samaki, na akina mama waliovaa vitenge vya sare. Walipoiona kamera shingoni mwangu, wakapiga vigelegele.

"Mpiga picha wa Bondo huyo," mmoja akasema. "Umechelewa, bwana. Anza na bibi harusi, wakwe wako njiani na ng'ombe."

"Mimi ni mthamini," nikasema. "Nimekuja kupima nyumba."

"Pima. Lakini sisi tumo kwenye picha."

Huyo alikuwa Mama Sheryl, mpangaji. Bintiye alikuwa akitolewa mahari siku hiyo. Basi nikapima. Mashangazi wawili walinishikia tepu, wakibishana ni nani aliyeilegeza, na kila chumba nilichokipiga picha kilijaa watu wanaocheka.

Nilipokwisha kula, maana kukataa hakukuwezekana, Mama Sheryl alinivuta kando na kunionyesha mkataba wake wa kupanga. Ulibakiza miaka mitatu, na benki yenyewe ilikuwa imetia sahihi kuukubali.

"Mwanangu, mnunuzi ataambiwa kwamba niko hapa? Au siku moja nitakuta tu kufuli langoni?"

"Nitauandika ukurasa wa kwanza, Mama."

"Wa kwanza kabisa?"

"Wa kwanza kabisa."

Jumatatu, mjini Kisumu, bosi wangu Bwana Obonyo aliisoma ripoti. "Absalom, ulithamini nyumba au harusi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Huu mkataba upeleke kule nyuma, kwenye viambatisho. Nyumba yenye mpangaji inashuka bei."

"Ndiyo maana mnunuzi anafaa auone mapema, mzee."

"Ile hoteli mpya ya Dunga nilitaka uithamini wewe. Ukikataa kuuhamisha mkataba, nampa mwenzako Calvince."

Kazi ile nilikuwa nimeiota tangu nimalize chuo. Lakini niliwaona tena akilini wale mashangazi na tepu yangu.

"Mpe Calvince," nikasema.

"Haya. Sahihi ni yako."

Nikatia sahihi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mpangaji, tarehe, na miaka yake mitatu. Nikaipeleka ripoti benki mwenyewe, kwa miguu, nikitabasamu njia nzima.