Tafsiri ya Jumatatu

Kengele ya kanisa ililia saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, wakati ambapo hapakuwa na misa wala maiti. Nicasia Ttito alikuwa ameinamia ndoo katika ua wa shule, akiosha vikombe vya uji, na mikono yake ikafa ganzi, wala si kwa baridi ya maji. Huko Qollpamarca, mji mdogo wa milimani, kengele hailii nje ya saa zake ila kwa moto, kwa mwizi wa mifugo, au kwa mgeni. Aliinua macho. Moshi haukuonekana popote. Alpaka, mifugo yao ya sufu, walikuwa wametapakaa mteremkoni, wanakula nyasi zao kwa amani, hakuna anayewafukuza.

Amebaki mgeni.

Mgeni alikuwa ndani ya darasa la pili, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu, anaandika namba daftarini. Jina lake Marit, muuguzi kijana kutoka Norwe, aliyejitolea miezi mitatu kuwapima watoto wa milimani upungufu wa damu. Alilala nyumbani kwa Nicasia, akala meza moja naye, na kila alichotaka kuwaambia wanawake wa Qollpamarca kilipita kwanza mdomoni mwa Nicasia, kutoka Kihispania kuingia Kikechua, lugha ya watu wa milimani. Mwezi wa kwanza wanawake walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Huyu akiolewa hapa, mume ataomba ngazi ndipo ambusu!" Nicasia alipomtafsiria, Marit alicheka kuliko wote, akajibu kwa Kihispania chake kilichopinda, "Ngazi alete yeye. Mimi nashika miguu." Tangu siku ile foleni ya akina mama ilifika hadi getini.

Leo mabenchi yalikuwa matupu. Jana pia.

"Kengele ya nini?" Marit aliuliza kutoka ndani.

"Sijui," Nicasia akajibu. Alijua.

Tangu Jumanne maneno yalikuwa yakitembea nyumba hadi nyumba. Kwamba damu ya watoto haiishii kwenye kile kimashine chake cha kupimia. Kwamba lile boksi lake la bluu la barafu limejaa mafuta ya watu. Mrefu vile, mweupe vile, anatembea peke yake kwenye njia za juu na nyama hali. Atakuwa nani kama si mumiani? Nicasia alikuwa amekulia kwenye hadithi za mumiani kama alivyokulia kwenye supu ya viazi vikavu: jinsi anavyowavizia wasafiri penye mapito ya milima, akawakamua mafuta, akayapeleka ng'ambo kulainishia mashine. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, amesoma mpaka kidato cha nne, na bado asubuhi hii, Marit akipiga mswaki uani, alikuwa amelifungua lile boksi. Alikuta barafu, vijikaratasi vya kupimia na chupa ya mtindi. Alilifunga upesi, uso unamwaka kwa haya.

Lakini kilichokuwa kikimkosesha raha tangu Jumatatu hakikuwa ndani ya boksi.

Aliwasikia kabla hajawaona. Makatambuga mengi, yakikwaruza mawe ya njia kwa pamoja, na hakuna anayezungumza. Watu wa Qollpamarca wakienda sokoni wanapiga kelele, wakienda kuzika wanaimba. Kimya kile hakuwahi kukisikia. Aliviacha vikombe, akakimbilia mlango wa darasa la pili, akasimama kizingitini, mgongo wake kwa Marit.

Waliingia getini wakiwa watu sabini, themanini. Mbele alikuwa Ubaldo, mwenyekiti wa sungusungu, mjeledi begani. Wanaume walishika fimbo, wanawake walikuwa wamekunja pindo za sketi, na pindo zile zilining'inia kwa uzito wa mawe. Nyuma kabisa mtu mmoja alibeba dumu la njano. Harufu ya mafuta ya taa ilimfikia Nicasia kabla hajamtambua mwenye dumu.

"Toka hapo, mama," Ubaldo alisema, karibu kwa upole. "Wewe ni wetu, hatuna neno nawe. Tunamtaka huyo wako."

"Wanataka nini?" Marit alinong'ona nyuma yake.

"Wanataka kuongea tu," Nicasia alisema.

Akajisikia akilisema. Hata sasa, na dumu lile mbele ya macho yake, ulimi wake ulikuwa umelainisha neno kabla halijavuka.

Katikati ya umati watu walipisha, na Justa akajitokeza. Mgongoni, ndani ya shali, alikuwa amembeba binti yake Yeni, wa miaka mitano. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala pembeni, midomo rangi ya majivu, macho nusu wazi bila kuangalia kitu. Pumzi zake zilikuwa fupi na za haraka, kama za ndege aliyeshikwa kiganjani.

"Mwambie arudishe," Justa alisema. Hakupaza sauti. "Alichomchota mwanangu, akirudishe. Jumatatu aliingia humu kwa miguu yake. Tangu hapo hajasimama."

"Arudishe!" sauti ya kiume ikadakia, kisha nyingine, na jiwe la kwanza likagonga bati juu ya mlango.

Ndipo Nicasia alipomwona mama yake. Basilia alikuwa mstari wa mbele, mfupi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, jiwe moja mkononi. Moja tu, lakini amelishika sawasawa.

"Binti, toka mlangoni."

"Mama, nenda nyumbani."

"Toka. Hawa nawajua. Na mimi walinichekea hivyo hivyo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nicasia alikuwa na miaka tisa lori lilipopanda kutoka bondeni na watu wa makoti meupe, wakawapakia wanawake kumi na wanne, mama yake akiwemo, kwa ahadi ya uchunguzi na gunia la mchele. Wanawake walirudi baada ya siku mbili, wamejikunja, wamejishika matumbo, kila mmoja na mshono ambao hakuuomba. Hakuna kati yao aliyezaa tena. Nicasia alibaki bila ndugu. Mama yake hakulia mbele yake hata siku moja. Alijifunza tu kutembea akiwa ameinama kidogo, na hakupanda tena gari lolote la kwenda bondeni.

Marit alikuwa amemwona mtoto. Alimsukuma Nicasia kando, akatoka nje na kusimama juani, mbele ya mawe yote yale, kama mtu asiyeyaona.

"Kwa nini bado yuko hapa?" Sauti yake ilipanda. "Nilisema leo! Jumatatu nilisema leo, si kesho, leo! Nicasia, uliwaambia?"

"Anasema nini?" Ubaldo akauliza.

"Anasema nini huyo?" umati ukauliza. "Tafsiri!"

Na macho yote yakamgeukia yeye.

Jumatatu, Yeni alipopimwa, kimashine kilikuwa kimeonyesha namba nne, chini ya nusu ya inayotakiwa. Marit alikuwa ameshtuka, akapima tena, ikaja nne tena. Alikuwa amemshika Nicasia mkono, akasema polepole ili asikosee: huyu mtoto anakufa, ashushwe hospitali leo hii, aongezwe damu. Nicasia alikuwa amemgeukia Justa akiwa na maneno yote kinywani. Alipofika kwenye neno hospitali aliona uso wa Justa ukijifunga, na nyuma yake wanawake kumi foleni wakitega masikio, na kati yao mama yake. Akawaona wakimwona yeye: mtu wa makoti meupe, mpakiaji wa lori jipya. Akasema, "Anasema mtoto ni dhaifu. Ale vizuri, dengu na maini. Na mkipata nafasi siku moja, mmshushe bondeni wakamtazame." Justa akashukuru, akaenda zake. Marit, asiyejua Kikechua zaidi ya habari ya asubuhi, alitabasamu akidhani mama yule anakwenda kutafuta gari.

Katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kilichosemwa na kilichosikika. Nicasia angeweza kusema lolote. Angesema, anaomba radhi. Angesema, hajui. Wangemchukua Marit, na Nicasia angekwenda nyumbani na mama yake, na kesho angeosha vikombe.

"Anasema..." Akaanza upya. "Anasema kwa nini mtoto bado yuko hapa. Anasema Jumatatu aliagiza ashushwe hospitali siku ile ile, kwa sababu anakufa. Damu yake ilikuwa imekwisha kabla hajaguswa. Aliyasema hayo. Mimi sikuyasema. Justa, mimi ndiye niliyekuambia dengu na maini. Yeye hakukuambia hivyo. Mimi."

Upepo ulipita juu ya mabati. Mtu mwenye dumu aliliweka chini, si kwa kughairi, bali kama mtu anayesubiri kuonyeshwa pa kulimwagia.

"Kwa nini?" Ni mama yake aliyeuliza.

"Niliona lori, mama. Niliogopa mtaniona kama wao."

Justa alikuja mpaka karibu, pumzi ya mtoto ikisikika begani mwake. Nicasia alifumba macho akingoja pigo. Halikuja.

"Siku tatu," Justa alisema. "Umenilia siku tatu."

Kisha akamgeukia Ubaldo. "Washa gari lako."

"Justa, fikiri. Wakikushika huko chini..."

"Washa gari, nimesema!"

Watu wakaanza kubishana wote kwa pamoja: kwamba ni mtego, kwamba wote wawili wafungiwe, kwamba mkalimani huyu ndiye mumiani mwenyewe. Jiwe likampata Nicasia begani, kwa nguvu, akaliona likianguka miguuni mwake na hakutazama lilikotoka. Ubaldo alipiga mjeledi hewani, kelele zikakatika. Akatoa hukumu yake: gari litashuka, mgeni atabaki humu ndani, mlango umefungwa, sungusungu nje. Mtoto akirudi hai, mgeni atafunguliwa. Hakumaliza upande wa pili wa maneno yale.

"Mtafsirie," akasema. "Yote."

Nicasia alimgeukia Marit. Maneno laini yalimjia yenyewe, tayari, yamejipanga. Akayaacha yapite.

"Wanakufungia hapa. Mtoto akipona, watakufungua. Akifa, sijui watakufanya nini. Na mimi ndiye niliyeharibu. Jumatatu sikuwaambia ulichosema."

Rangi ilimtoka Marit mpaka midomoni. Kisha alirudi ndani, akaandika namba za kipimo cha Yeni kwenye daftari, akachana kipande na kumpa. "Mpe daktari," akasema. Ubaldo alisukuma komeo.

Walipanda nyuma ya gari, Justa na mtoto wake upande mmoja, Nicasia mwingine. Injini ilikuwa imeshaunguruma Basilia alipolisogelea. Alisimama mbele ya ubao wa nyuma muda mrefu, mikono imelegea, anautazama kama mtu anayetazama maji yenye kina. Jiwe alikuwa hanalo tena. Halafu akashika ubao, akajivuta juu, akaketi kando ya Justa.

"Hatashonwa mtu," alisema, bila kumtazama binti yake. "Nitakaa nawe mlangoni mwao."

Safari ilikuwa saa mbili na nusu za kona na vumbi. Kila gari lilipoyumba kuelekea korongoni, vidole vya Basilia vilikwaruza ubao, na kila pumzi ya mtoto ilipochelewa, wanawake wote watatu walizuia ya kwao.

Hospitali ya bondeni daktari alikuwa mwanamke kijana aliyechoka. Alisoma karatasi ya Marit, akageuza kope ya chini ya mtoto, akaanza kusema kwa Kihispania cha haraka, akitembea huku anasema. Justa alisimama palepale, shali imefungwa mafundo mawili kifuani, Basilia ameshika kiwiko chake. Justa hakumtazama daktari. Alimtazama Nicasia, mdomoni.

Hofu ilikuwa haijaondoka. Nicasia akayapitisha maneno kandokando yake, moja moja.

"Anasema wamwongezee damu sasa hivi. Damu ya watu wengine, imepimwa, lakini mwili wake unaweza kuikataa. Anasema moyo umechoka sana. Anasema angeletewa mtoto Jumatatu angekuwa na matumaini makubwa. Leo hawezi kuahidi. Anaweza kufa wakiwa wanamwekea. Asipowekewa, atakufa kabla jua halijazama. Hakuna atakayekugusa wewe. Anataka ruhusa yako."

Daktari alisimama, anangoja.

"Amesema hivyo?" Justa aliuliza. "Hata hilo la kufa?"

"Hata hilo."

"Sema tena."

Nicasia akasema tena, kutoka mwanzo, bila kupunguza. Alipomaliza, Justa aliinamisha kichwa, akaanza kuhangaika kulifungua fundo la kwanza la shali.