Karatasi Ambayo Kasyoki Hakuitia Sahihi

Kitu cha kwanza nilichoona asubuhi hiyo ni kufuli kwenye mfereji wa tangi. Lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya bei. Tangi hilo alilinunua mume wangu Kasyoki, na tulikuwa tumemzika wiki tatu tu zilizopita. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu, nikajua shemeji yangu Bonface ameanza.

Kasyoki alikuwa fundi wa kuweka vigae huko Syokimau, kijana wa miaka ishirini na minane. Aliumwa kichwa Jumatatu, Alhamisi akafa. Ekari moja hapa Kalama, pamoja na nyumba, vyote vilikuwa kwa jina lake peke yake.

Saa nne chifu akaja kuandika barua ya warithi, ile inayopelekwa kortini. Tulikaa mbele ya nyumba: chifu, Bonface, mama mkwe na mimi. Binti yangu Mutanu alikuwa amelala mapajani pangu.

"Andika mama na mimi," Bonface alisema. "Mtoto ni wetu, atabaki. Huyu arudi kwao Kithimani."

"Kwani huyu si mke wa ndugu yako?" chifu akauliza.

"Mke kwa mbuzi gani? Ntheo haikupelekwa."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo ndio humfanya msichana awe mke wa mtu. Kasyoki alikuwa na wawili, akisema wa tatu tutampata Disemba. Wale wawili walichinjwa matangani. Bonface alikula.

"Na hakuacha wosia?"

"Wosia wa nini, chifu? Kijana kama yule?"

"Nimezika wadogo kuliko yeye, Bonface."

Bonface akanitazama. "Sawa. Alijua kusoma, alijua kuandika. Mtu akikutaka si anakuandika?"

Chifu akamgeukia mama mkwe. "Mama Bonface, wewe ndiye mwenye boma. Ukisema ni mke, namwandika. Unasemaje?"

Mama mkwe alitazama chini. "Sijui, chifu. Kama mwanangu alimtaka, mbona hakuandika?"

Mwezi wa tatu, Kasyoki akiwa bado hai, mawakili walikuja kanisani kufundisha mambo ya urithi. Kasyoki alirudi na karatasi ya wosia, akaijaza mezani, akasema Jumamosi twende mjini kwa wakili akaitie sahihi mbele ya mashahidi. Nilimcheka. Nilimwambia hayo ni mambo ya wazee, aache kujiitia kifo. Alinibembeleza mara mbili, kisha akaiweka chini ya godoro.

Nilimlaza Mutanu kwenye mkeka, nikaingia ndani, nikainua godoro. Nilipotoka nilimpa mama mkwe ile karatasi. Jina langu na la Mutanu yalikuwa pale, kwa mwandiko wa Kasyoki. Mahali pa sahihi palikuwa patupu.

Bonface akaanza kusema, mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa akinitazama mimi. Sikuwa nimewahi kuongea mbele ya watu, lakini niliongea.

"Mama, aliandika. Mimi ndiye nilikataa kwenda. Sikuogopa kifo. Niliachia shule darasa la nne, nikaogopa wakili atanipa nisome, nishindwe, na Kasyoki aone haya kwa sababu yangu. Yeye hakunikataa hata siku moja. Ni mimi nilimzuia."