Kinywa cha Ayaa

...na amekifungua, hakuombwa mara mbili, jirani yangu Nanyama amesema tu, "Fungua pango, nyabo, bibie, nione kama chui ameamka," na huyo mwanangu Ayaa, wa miaka sita, niliyemzaa mimi, amepanua kinywa hapo kwenye bomba la uani mpaka naona koo lake nikiwa mlangoni, na mimi jana usiku nilimbembeleza mpaka maji yakapoa kikombeni, akabana meno kama duka siku ya vurugu, mswaki nikaupitisha juu ya midomo tu... asubuhi zote huwa nimeshaondoka, Nanyama ndiye anayemwandaa, leo nimechelewa makusudi nione, sasa nimeona... mafundi wameanza kugonga mabati, mtaa wetu wa Katwe haungoji mtu anywe chai, Nanyama anasema kitu sikisikii, Ayaa anacheka, povu linamshuka kidevuni, na Nanyama analikinga kwa kiganja chake, kiganja kitupu, lisichafue sare ya shule, mambo kama hayo ndiyo yanayoniuma, angekuwa mwanamke mbaya ningemchukia nikapumzika... muuguzi alikuja shuleni akatuambia wazazi, mtoto wa umri huu hawezi bado kujisugua vizuri, mkono wenu ndio mswaki wake, akatuonyesha jino la nyuma la Ayaa lenye tundu, mbele ya kina mama wote, nami nilijua tundu limetoka wapi, ni peremende zangu, ninazomletea kila jioni nikitoka kufua nguo za watu Old Kampala, nikidhani mtoto humkimbilia mwenye kitu kitamu, kumbe wangu anamkimbilia mwenye mswaki... "Na huko nyuma pia, huko ndiko wezi wanajificha," Nanyama anasema, na mbona naye amepanua mdomo, hapigi mswaki yeye, lakini Ayaa akitakiwa kupanua, Nanyama anatangulia kupanua, akitakiwa kukunja midomo anakunja, kama mtu anayemlisha mtoto uji, na macho ya Ayaa hayako kwenye mswaki, yako mdomoni mwa Nanyama, na mimi jana... jana mimi nilikaaje, nilibana, mimi ndiye niliyebana kwanza, nabana siku zote tangu jino langu la mbele lilipoanza kuoza, nacheka nimejifunika, naongea midomo ikigusana, mwanangu hajawahi kuona ndani ya kinywa changu, kufunga amejifunza kwangu... "Mama Ayaa, umeamkaje? Njoo basi umalizie, mimi chapati zangu zinaungua," na wivu bado upo, ananirudishia mwanangu kama sufuria aliyoazima, lakini baridi ya asubuhi inanichoma jino bovu, kumbe nami nimesimama hapa mdomo wazi, tangu lini sijui, labda tangu aliposema pango, Ayaa amegeuka, mswaki umevimbisha shavu, ananitazama, si machoni, anatazama chini ya pua yangu, "Mama, jino lako moja jeusi," na nyundo zinagonga, Nanyama ameangalia pembeni, ameona aibu kwa niaba yangu, hata hilo amenifanyia, mkono wangu unaanza kupanda kufunika... nauacha kifuani, ndiyo, jeusi, tazama, mwanangu, sogea utazame vizuri, mdomo siufungi.