Mutahi Arekebisha Tangazo Lake

Jumanne jioni, baada ya kukama, watu waliingia katika ukumbi wa kijamii wa Mukurweini kutazama vifo. Ilikuwa mwaka wa 1998. Zamani matangazo ya vifo waliyasikiliza kwenye redio, lakini shirika la utangazaji lilikuwa limewaletea televisheni ya majaribio, iliyounganishwa na Nairobi kwa waya wa simu, na sasa marehemu alisomwa huku picha yake ikionekana. Mwenye la kusema alibonyezewa rimoti, akaongea, na mtangazaji akamjibu. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa huku wamekuwa wakibishana na redio tangu uhuru. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na mtu Nairobi aliyelazimika kuwasikiliza.

Rimoti ilikuwa moja. Jamal, fundi wa shirika kutoka Majengo pale Nyeri mjini, aliikabidhi kwa Ngatia, mwenyekiti wa ukumbi. Ngatia akaivalisha karatasi ya nailoni, akaifunga kwa mpira na kuitia ndani ya koti. Ukitaka kuongea unainua mkono, naye akipenda kukuona anakuona.

Jioni hiyo ilisomwa habari ya Mutahi, ndugu yake Ngatia, mpishi wa hoteli moja kule Nanyuki, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mume wa Wacera. Ndugu wa Ngatia. Angezikwa Jumamosi nyumbani kwake. Picha ilikuwa ile ya kipande, yaani kitambulisho, nyeusi na nyeupe, na Mutahi alionekana kama mtu aliyekosana na mpiga picha.

Wachuka alikuwa benchi ya nyuma. Alingoja jina lake mpaka mtangazaji akaweka kituo bila kulitaja. Yeye alikuwa mke wa pili wa Mutahi. Mahari yake ilitolewa huku huyohuyo Ngatia ameketi mbele, anakula, na kahawa yote ya shamba la Mutahi aliipanda Wachuka mwenyewe. Wacera, mke wa kwanza, alirudi kwao Kangari miaka mingi iliyopita, na alikuwa ameshakubaliana na Ngatia kwamba atabaki hukohuko na shamba liwe chini ya Ngatia. Huku, asiyesomwa kwenye tangazo hatupi udongo kaburini, na asiyetupa udongo hana nyumba. Haijaandikwa popote, lakini hata chifu huifuata.

Wachuka akainua mkono. Ngatia akatazama dari. Mkono ulipoanza kuchoka, picha ikakohoa.

Mutahi alikohoa vile alivyokohoa siku zote akitaka kukosoa chumvi ya mtu. Kisha akasema, "Hapo mumeruka mtu. Mimi niko na bibi mwingine, anaitwa Wachuka. Si ni yeye ameinua mkono huko nyuma?"

Mtangazaji alipekua karatasi zake. Alisema shirika linamshukuru marehemu kwa mchango wake, ila kwa bahati mbaya tangazo hubadilishwa na jamaa aliye hai pekee. Hata hivyo, kwa kuwa huduma hii ni ya wananchi, angependa kuuliza watazamaji wa Mukurweini: je, Wachuka ni mke wa Mutahi? Kitufe cha kijani ni ndiyo, chekundu ni la.

"Ni bibi yake!" kina mama wakaitikia. Wazee waliokula mbuzi wa mahari wakasema ndiyo, ni kweli, na mmoja akataja hata rangi ya mbuzi. Ngatia akatoa rimoti, akaipangusa nailoni kwa mkono wa koti, akabonyeza chekundu.

"Mwenyekiti, umefinya ile nyekundu," Jamal akasema.

"Si ni mimi niko na rimoti?" Ngatia akamjibu. "Na kitu ikishafinywa imefinywa."

Jamal alikiri kwamba kwa upande wa mitambo hilo lilikuwa sahihi. Televisheni moja, jibu moja. Mtangazaji aliwapongeza watazamaji wa Mukurweini kwa kushiriki kwa wingi, akatangaza kwamba asilimia mia moja wamesema la.

"Ngatia, hiyo ni nini umefanya?" Mutahi akauliza.

"Wewe umekufa, wacha kelele. Watu wanataka kusikia hali ya hewa."

Inauma kusema, lakini hakuna aliyeinuka. Ngatia ndiye aliyewapimia maziwa ya kuuza kila asubuhi, na kila mtu mle ukumbini alikuwa na ng'ombe.

Jumamosi Mutahi alizikwa. Chifu aliita majina kama yalivyosomwa. Wacera akatupa udongo, akanywa chai, akarudi Kangari. Wachuka alisimama barabarani, nje ya ua wa miiba ya kaiyaba. Chifu alipotoka alimwonea huruma, akamwambia, "Mama, hata mimi nilimsikia na masikio yangu. Lakini si unajua televisheni ilisema hapana?" Ngatia akatia kufuli mpya mlangoni kwa Wachuka, akamchukua na ng'ombe wake, na Wachuka akapanga chumba nyuma ya bucha pale sokoni.

Mutahi aliendelea kuja. Kila jioni, habari zikiisha, picha yake ilitokea, na Jamal alisema hawezi kuikata kwa sababu laini ya upande huo haikufungwa na shirika. Watu walimzoea. Alitaka kujua bei ya kahawa, akakosoa kipindi cha mapishi, akaulizia wagonjwa. Hakuna aliyemweleza mambo ya kufuli. Kila mmoja alidhani mwingine atamweleza.

Jioni moja aliuliza kama Wachuka yuko. Alikuwepo. Ngatia akambonyezea bila hata kuombwa, maana katika mambo madogo hakuwa mtu mbaya.

"Wachuka," Mutahi akasema, "siku ile ya kuzikwa mimi sikuona kitu. Ilikuwa giza huko ndani, nasikia tu mchanga ikianguka. Wewe ulinitupia?"

Wazee waliangalia viatu vyao. Wachuka alitazama uso wa mumewe, ule uliokasirika siku zote, na moyo ukamuuma kwa ajili yake kuliko ulivyowahi kumuuma kwa ajili ya shamba.

"Nilikutupia, mzee."

"Na mikono mbili?"

"Mbili."

Mutahi akatabasamu, jambo ambalo picha ya kipande haikuwahi kufanya. "Asante, mama. Basi enda nyumbani mapema, mvua inakuja. Ufungie hiyo ng'ombe."

"Sawa, mzee."

Ngatia alikunja miguu ili ampishe. Wachuka akafunga leso kichwani, akatoka, akaipita njia ya shambani, akashika ile ya sokoni.