Mazutu Juu ya Kioo

Dada yangu Pulchérie alifika mjini kwetu Baraka siku ya pili ya kilio cha baba, na kabla hajakaa alinivuta pembeni.

"Eugène, ndani ya sakoshi iko kasanduku kadogo. Muntu asikafungule. Hata vumbi isikaguse."

Nilijua kuna nini humo. Huko Ulaya anakosoma, kwa miaka mitatu alikuwa akichonga pete juu ya kipande cha kioo kidogo kama ukucha. Pete yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Mwanga ukiingia huzunguka maelfu ya mara kabla ya kufa, mradi pasiwe na mkwaruzo hata mmoja. Alichonga vipande hamsini, kikakubali kimoja. Jumatatu alitakiwa kukifikisha kwenye maabara ya nchi nyingine kikapimwe. Bila kipimo hicho hapati shahada yake, na muda wake wa masomo unaisha mwezi ujao.

Kwetu, mtoto wa marehemu hagusi kazi siku za kilio. Bashangazi ndio wanaomfulia na kumfungulia mzigo. Shangazi Adolphine, dada mkubwa wa baba, aliniomba ile sakoshi, mkoba wa Pulchérie, wakati nafunga turubai uani. Nikampa bila kufikiri. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii mijinga.

Saa tisa alikuja kwa Pulchérie na kile kioo kiganjani, amefurahi.

"Mama yangu, kalikuwa na mazutu juu. Kalikuwa na marangi-rangi sawa maji ya kule bantu banaegeshaka mashua ya moteri. Nikakasugula na muchanga na majivu. Mazutu ingine ilikatala kutoka, lakini nilikaza."

Hayakuwa mazutu wala mafuta yoyote. Tabaka la kioo likiwa jembamba vile hung'aa rangi lenyewe. Hasira ilinipanda, lakini ningemkasirikia nani? Shangazi ni baba wa kike, na sasa ndiye baba tuliyebaki naye.

Pulchérie alikipokea kwa mikono miwili. "Aksanti sana, shangazi. Mupumuzike sasa."

Nilikiweka chini ya hadubini ninayotengenezea simu. Kilikuwa kimelimwa kama shamba la muhogo. Nikamwuliza kama anaweza kuchonga kingine.

"Zamu yangu ya mashine ilishaisha," alisema. Sikuwa na la kumfanyia, na hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Asubuhi yake profesa wake aliandika kuuliza kama kipande kiko salama. Nilikaa karibu na Pulchérie nikamtazama akiandika, akifuta, akiandika tena. Angeanzia wapi? Mchanga? Majivu? Nilimwambia ataje jina langu. Akatikisa kichwa, akaandika kwamba kilimponyoka yeye mwenyewe mkononi kikaanguka.

Jibu halikukawia. Profesa alisema amesikitika, na kwamba hakutegemea uzembe wa namna hiyo kutoka kwake. Pulchérie alilisoma mara mbili, akazima simu, akaenda kukaa mkekani ubavuni mwa shangazi. Shangazi akamfunika kitenge mabegani, akidhani anamlilia baba.